Motere Ikitetemeka, Tusihukumu Upesi

Kila motere yatetemeka. Mtu akikuambia kwamba gari lake halitetemeki hata kidogo, ujue anataka kuliuza. Kazi yangu tangu ujana ni kutengeneza motere hapa Lubumbashi. Leo nataka kusema nanyi juu ya neno moja tu: namna ya kutambua mtetemo usio wa kawaida, na namna ya kutafuta unakotoka, mbele ya kufungua nati hata moja.

Labda utasema: "Mimi sina gari. Maneno hayo yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yangu. Unapanda gari la abiria kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kumzika mtu wako. Ukipewa kiti cha mbele katika HiAce, umeketi juu ya motere yenyewe, maana imewekwa chini ya viti vile. Gari likitetemeka kupita kiasi, ni mgongo wako unaotetemeka. Tena nitawaonyesha kwamba mtu aweza kupoteza kazi yake na jina lake jema kwa sababu ya mtetemo ambao hakuna aliyeuliza unatoka wapi.

Kwa nini motere hutetemeka?

HiAce ni gari la Toyota. Ya kwanza ilitengenezwa Japani mwaka 1967, na tangu siku zile wadogo zake wameijaza miji mingi ya Afrika. Zile za zamani tulizo nazo kwa wingi hutumia motere ya mazuti yenye silinda nne. Ndani ya kila silinda pistoni moja hupanda na kushuka, nayo huzungusha mhimili mkubwa wa chuma, ambao sisi mafundi twauita vilebrekeni.

Kazi ya pistoni ina hatua nne: kuvuta hewa, kuikaza, kusukumwa na mazuti yanayowaka, na kutoa moshi. Hatua hizo nne zikitimia, vilebrekeni imezunguka mara mbili. Sasa tufanye hesabu kidogo. Gari likisimama na motere ikiwa katika ralanti, vilebrekeni huzunguka karibu mara 750 kwa dakika. Basi kila silinda huwaka mara 375 kwa dakika. Zote nne pamoja huwaka mara 1,500, ndiyo mara 25 kwa kila sekunde. Kila kuwaka ni pigo, kama la nyundo. Mapigo hayo yakiwa sawasawa, sikio lasikia ngurumo moja tu, nayo haimchoshi mtu.

Lakini silinda moja ikilala, itakuwa namna gani? Mapigo matatu yaja, la nne halipo. Pengo hilo larudi zaidi ya mara sita kwa kila sekunde. Hapo motere huchechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni, nalo gari zima huchechemea pamoja nayo.

Tena hata motere nzima, iliyotoka kiwandani jana, hutetemeka. Pistoni mbili zikipanda, mbili zashuka. Mtu angedhani kwamba zinasawazishana, kama mizigo miwili ya uzito mmoja juu ya mizani. Lakini si hivyo kabisa. Pistoni ikiwa katika nusu ya juu ya safari yake hukimbia kuliko katika nusu ya chini, basi hizo mbili na hizo mbili hazilingani kamili. Nguvu kidogo yabaki, nayo hutikisa motere mara mbili kwa kila mzunguko. Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, alipata dawa ya jambo hilo tangu mwanzo wa karne ya 20: mihimili miwili midogo yenye uzito upande mmoja, inayozunguka kwa kupingana, mara mbili kwa kila mzunguko wa motere. Motere nyingine zina dawa hiyo, nyingi hazina.

Basi, nani anayetuokoa na mtetemo huo wa kila siku? Ni mipira ya kubebea motere. Motere haikufungwa chuma kwa chuma juu ya shasi ya gari. Imelazwa juu ya vipande vya mpira, navyo humeza mtikiso mbele haujafika kwenye viti.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yetu. Ukisikia kelele za jirani ndani ya chumba chako, kuna mambo mawili: ama jirani amezidisha kelele, ama ukuta katikati yenu umeanguka. Na pengine yote mawili pamoja. Vivyo hivyo kwa gari. Ama motere yatetemeka kupita desturi yake, ama mipira imeacha kuumeza mtetemo wa kawaida. Fundi asiyetofautisha mambo haya mawili ataua motere iliyo nzima.

Shauri la mama mjane

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alikuja kwangu. Marehemu mume wake alimwachia HiAce moja ya abiria. Gari lile ndilo lililolisha nyumba, ndilo lililolipia watoto masomo. Lilikuwa mikononi mwa kijana mmoja, shofere mpole, aliyeleta feza ya siku kila jioni kama walivyopatana.

Gari hilo lilianza kutetemeka. Likisimama na motere katika ralanti, vioo vyalia, viti vyaruka, akina mama washika mayai yao mikononi. Likienda mbio katika njia ya Likasi, mtikiso wageuka kuwa mvumo mzito masikioni, kama nyuki ndani ya mtungi. Mama alilipeleka kwa fundi mmoja. Fundi huyo hakuuliza neno. Alisikiliza dakika mbili, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, vilebrekeni imepinda. Shofere wako amelikimbiza gari kupita nguvu zake. Motere hii imekwisha, tafuta nyingine." Bei ya motere iliyokwisha kutumika, pamoja na kazi ya kuiweka, ilikuwa dola 1,600.

Mama hakuwa na dola 1,600. Lakini alikuwa na shofere wa kulaumu. Ndugu za marehemu walikutana, wakakata shauri: mshahara wa kijana uzuiliwe mwezi ule na miezi itakayofuata, mpaka bei ya motere ipatikane. Akikataa, afukuzwe. Nanyi mwajua mambo ya mji wetu. Shofere akiisha kuitwa mharibifu wa motere, nani atampa gari tena? Kijana yule alikuwa na mke na mtoto mchanga.

Kijana aliniambia: "Papa fundi, mimi sikulikimbiza." Nilimtazama. Lakini kila shofere husema hivyo, mkweli na mwongo sawasawa. Neno lake peke yake halikutosha kumwokoa, wala neno la yule fundi halikutosha kumhukumu. Nikamwambia mama: "Mama, usinunue kitu, wala usimkate mtu mshahara. Nipe siku mbili. Tutaiuliza motere yenyewe." Mama akakubali.

Swali la kwanza: tangu lini?

Fundi mzuri huanza kazi kwa mdomo. Ufunguo wafuata nyuma. Nilimwuliza kijana: "Mtetemo ulianza polepole, ama ulikuja kwa siku moja?" Akajibu: "Ulikuja kwa siku moja, papa. Nilikuwa mgonjwa wa malaria, nikalala wiki nzima. Niliporudi kazini, nililikuta hivi." Nikauliza: "Katika wiki ile, nani alilishika gari?" Mama mwenyewe akakumbuka. Ndugu mmoja wa marehemu alilipeleka garaji, kwa kuwa bomba la moshi lilikatika na mipira ya motere ilipasuka. Mama alikwenda nyumbani, akarudi na karatasi ya malipo. Tarehe ililingana na siku za ugonjwa.

Ona, msomaji: swali moja tu, na kazi nusu imekwisha. Kitu kinachochakaa hutetemesha gari kidogo kidogo, miezi na miezi. Mtetemo unaozaliwa kwa siku moja mara nyingi una baba yake katika kazi iliyofanyika siku ile. Lakini mara nyingi si kila mara. Neno likifuata neno, si lazima limezaliwa nalo. Kama haikuwa haki kumhukumu shofere bila kupima, haikuwa haki pia kumhukumu mtu wa garaji ile bila kupima. Tuliendelea.

Swali la pili: ni motere ama ni magurudumu?

Katika gari kuna vitu vinavyozunguka kwa kufuata motere, na kuna vitu vinavyozunguka kwa kufuata njia. Vilebrekeni, kapi za mikanda na ambreyaji hufuata motere. Magurudumu na kardani, yaani ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, hufuata mwendo wa gari. Lazima kuvitenga.

Jaribio la kwanza hufanyika gari likiwa limesimama. Toa vitesi, funga breki ya mkono, kisha kanyaga mazuti polepole. Mtetemo ukiwapo hapo, magurudumu hayana neno, maana hayazunguki. Gari la mama lilitetemeka sana katika ralanti. Nilipofikisha mizunguko 2,700 hivi kwa dakika, ule mvumo wa nyuki ukatokea mahali pale pale tuliposimama. Mizunguko 2,700 ni kuwaka mara 90 kwa kila sekunde. Mtikiso wa namna hiyo mkono hauuhesabu tena, ni sikio linalousikia kama sauti.

Jaribio la pili hufanyika njiani, mahali palipo wazi na tambarare, pasipo watu, wala si mteremkoni hata kidogo. Asubuhi na mapema tulitoka kwa njia ya Kipushi. Tulipofika kilometa 80 kwa saa, nilikanyaga ambreyaji, nikaacha motere ishuke hata ralanti, huku gari likiendelea kwa nguvu ya mwendo wake. Kwa mwendo huo gurudumu la HiAce huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na kardani huzunguka mara nyingi kuliko hapo. Kama mvumo ungebaki, tungewatafuta hao. Lakini ulikufa papo hapo pamoja na motere. Basi magurudumu na kardani hayakuwa na kosa. Na feza ambayo wengine wangeitupa kwa kununua mipira mipya ya magurudumu ilibaki mfukoni mwa mama.

Swali la tatu: silinda gani imelala?

Katika motere za mazuti za zamani, kila silinda hupata mazuti yake kwa bomba jembamba la chuma linalotoka katika pompi na kuishia katika enjektere. Enjektere ni kama mdomo mdogo unaopuliza mazuti. Motere ikiwa katika ralanti, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba moja, kwa ufunguo wa 17, na kitambaa juu yake. Mazuti hutoka nje, silinda ile haipati kitu. Kama silinda ilikuwa ikifanya kazi, motere huchechemea zaidi, karibu izime. Lakini kama ilikuwa imelala tangu mwanzo, hakuna kinachobadilika. Aliyelala hawezi kulazwa mara ya pili.

Nilianza na silinda ya 1: motere ikachechemea vibaya. Nikakaza. Ya 2 vile vile. Ya 4 vile vile. Ya 3 nilipoilegeza, tofauti ilikuwa ndogo sana. Kijana akaruka kwa furaha: "Tumeipata!" Nikamwambia: "Bado, mwanangu. Tumepata nyumba ya mgonjwa, ugonjwa wenyewe hatujaujua."

Maana silinda yaweza kulala kwa sababu mbili. Pengine enjektere haipulizi vizuri. Pengine silinda yenyewe haikazi hewa, kwa kuwa pete za pistoni zimekwisha ama vali imeungua. Sababu ya kwanza huponywa kwa feza kidogo, ya pili ni kufungua motere. Yapasa kuzitenga. Nilitoa enjektere ya 3 nikaiweka katika silinda ya 1, na ya 1 nikaiweka katika silinda ya 3, na shaba mpya za kuzibia chini yake. Tukawasha motere. Silinda ya 3 ikafanya kazi kama nyingine, na ya 1 ikalala. Kosa lilihama pamoja na enjektere! Basi pistoni hazikuwa na kosa, vali hazikuwa na kosa, nayo vilebrekeni haikuwa na kosa. Chuma kilichopinda hakinyoki kwa kuhamisha enjektere.

Tuliipeleka enjektere ile ipimwe kwa pompi ya mkono. Kwa desturi hufunguka pale nguvu ya mazuti inapopita bar 100, nayo yapasa kupuliza ukungu mwembamba, kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Hii ilidondosha matone. Ncha yake ilikuwa imechakaa. Nani alaumiwe kwa hilo? Si shofere. Ncha huchakaa kwa miaka, na huchakaa upesi zaidi mazuti yakiwa na uchafu au maji. Tuliweka ncha mpya. Motere ikasimama imara, mapigo yake sawasawa.

Swali la nne: jirani ama ukuta?

Kama ningekuwa mtu wa haraka, ningemrudishia mama gari saa ile. Motere haikuchechemea tena. Lakini viti viliendelea kutikisika, na kwa mizunguko 2,700 nyuki walikuwa bado mtungini. Enjektere mbovu ilikuwa kosa moja, palikuwa na kosa jingine nyuma yake.

Nilimwomba rafiki mmoja alete HiAce yake yenye motere ya namna ile ile. Tuliyasimamisha magari mawili kando kando, motere zikiwa katika ralanti. Nikamwambia kijana: "Weka mkono mmoja juu ya motere, na mwingine juu ya shasi." Katika gari la rafiki, mkono wa motere ulitetemeka sana, mkono wa shasi kidogo tu. Katika gari la mama, mikono miwili ilitetemeka sawasawa. Lakini motere kwa motere hapakuwa na tofauti. Kijana akafahamu mwenyewe, akasema: "Papa, jirani hajaongeza kelele. Ukuta ndio umeanguka."

Tuliinua motere kidogo kwa kriki, na ubao katikati ili chuma kisiumie, tukatoa mipira ya kuibebea. Haikuwa mipira ya motere. Vilikuwa vipande viwili vilivyokatwa katika mpira wa gurudumu la kamio, vimetobolewa na kukazwa kwa bolti. Mpira wa gurudumu la kamio umejaa nyuzi ngumu ndani yake. Umetengenezwa kubeba tani za mzigo, hautengenezwi kumeza mtikiso. Ni kama kumlaza mgonjwa juu ya ubao na kuuita godoro.

Kisha nikalala chini kutazama bomba la moshi. Kwa desturi bomba hilo huning'inia kwa vishikizo vya mpira, kwa sababu limefungwa katika motere na hutikisika pamoja nayo. Hapa palikuwa na kipande cha nondo kilichounganishwa kwa moto, upande mmoja katika bomba, upande mwingine katika shasi. Basi kila pigo la motere lilipanda kwa nondo hiyo moja kwa moja hata kwenye bati la gari, na bati likalia kama ngoma. Ndio wale nyuki wa njia ya Likasi.

Tulikata nondo, tukaweka kishikizo cha mpira. Tuliweka mipira miwili ya motere iliyo halali. Hapa nawapa vijana mafundi shauri moja dogo: usikaze bolti za mipira kwa nguvu zote mara moja. Zilegeze kidogo, washa motere, iache itikisike dakika chache katika ralanti, itafute yenyewe mahali pake pa kulala. Kisha zima, ukaze. Mpira uliokazwa ukiwa umejikunja hautatulia kamwe.

Gari lilitulia. Ncha ya enjektere, shaba za kuzibia, mipira miwili, kishikizo cha bomba, pamoja na kazi yangu, vyote havikufika sehemu moja ya kumi ya zile dola 1,600.

Hukumu

Mama aliwaita ndugu za marehemu, akawaonyesha vile vipande viwili vya mpira wa kamio juu ya meza. Hakusema mengi. Akahesabu mshahara wa kijana uliozuiliwa, akampa mikononi mbele yao wote. Kijana aliupokea kwa mikono miwili, akatoka kwenda kuosha gari.

Je, yule mtu wa garaji aliyeweka vipande vile ni mwovu? Nimeliwaza sana neno hilo. Mpira wa gurudumu umetusaidia watu maskini kwa mengi: twashona viatu, twatengeneza kamba na ndoo. Mipira ya motere iliyo halali ni ghali, na mara nyingi mwenye gari mwenyewe husema: "Fundi, tafuta njia nyingine, feza hakuna." Simlaumu mtu kwa kutafuta njia nyingine. Lakini ilimpasa kusema: "Hii ni ya siku chache tu, nayo italitetemesha gari lako." Maneno hayo hayana bei. Yangalisemwa, hakuna kijana ambaye angaliitwa mharibifu.

Na yule aliyesema kwamba vilebrekeni imepinda? Huyo alikisia. Kukisia si dhambi ya fundi peke yake, sote twakisia. Lakini angalieni nani hulipa. Fundi akikisia vibaya, yeye halipi. Mwenye gari hulipa, na mwenye gari akikosa feza, hulipa yule aliye chini yake. Makisio ya mkubwa huangukia kichwa cha mdogo.

Msidharau mtetemo

Wengine husema: "Gari linatembea, acheni litetemeke." Si vizuri. Mtikiso hulegeza nati na kupasua mabomba. Nyaya za umeme husuguana na bati hata zikavuliwa ngozi, na mabomba ya mazuti vivyo hivyo. Hapo moto hauko mbali. Nao mwili wa mtu hauna nati za kukaza. Shofere anayeketi juu ya mtikiso saa kumi kila siku, miaka na miaka, huvuna maumivu ya kiuno. Katika Ulaya jambo hili lilitiwa katika sheria mwaka 2002, ikawekwa mipaka ya mtetemo ambao mwajiri asiuache umpate mfanyakazi wake kwa siku. Kwetu, walau tuwasikilize mashofere wanaposema mgongo unauma.

Basi haya ndiyo ninayowaombeni.

Mwenye gari, andika katika daftari kila kazi iliyofanyika na tarehe yake. Lile daftari ni ushuhuda siku ya mashtaka. Fundi akikuambia kwamba motere imekwisha, mwulize: "Umepima nini?" Asipoweza kukuonyesha, nenda kwa mwingine.

Shofere, mtetemo ukianza, useme siku ile ile, mbele ya watu. Uangalie huja lini: gari likisimama ama likienda, likipanda mlima ama likishuka, motere ikiwa baridi ama moto. Maneno hayo yamfaa fundi kuliko funguo kumi.

Kijana fundi, uliza, tenga, pima, ndipo ufungue. Na neno la hatari: lile jaribio la kulegeza mabomba ya mazuti ni la motere za zamani tu, zenye pompi ya desturi. Hata hapo usiweke kidole wala jicho mbele ya bomba, maana mazuti yenye nguvu hupenya ngozi. Lakini katika motere mpya, ambamo enjektere zote hulishwa na bomba moja la pamoja na huongozwa kwa umeme, usijaribu kamwe. Nguvu ya mazuti mle hupita bar 1,000. Yaweza kukata nyama kama kisu na kukuua. Motere hizo hupimwa kwa mashine ya kusoma umeme wake.

Nawe abiria, ukisikia shofere anatukanwa kwa sababu gari linatetemeka, usiongeze tusi lako. Kitu kinacholia sana si lazima ndicho chenye kosa. Bati lililia kama ngoma, lakini kosa lilikuwa katika nondo. Motere ilishitakiwa, kumbe mpira ndio uliokuwa na hatia. Chuma hakina haraka, nacho hujibu kila mtu anayekiuliza kwa utaratibu. Tufanye hivyo hivyo na watu.